Kisu Nilichopewa Mkononi

Kama unataka kunicheka, nicheke sasa hivi tumalize, halafu unyamaze unisikilize. Nimeshachekwa na mke wangu, nimeshachekwa na daktari, na wewe hutakuwa wa mwisho. Sikuwa nimelewa, sikuwa na homa, wala haikuwa usiku. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limewaka, na mimi nimeshika baiskeli yangu kwa mikono miwili. Yaliyonipata Nyakitonto yalinipata kweli.

Katikati ya miaka ya sabini nilikuwa bwana mifugo wilayani Kasulu, mtu wa Tanga niliyepelekwa kutetemeka na baridi ya Uha. Kazi yangu ilikuwa kuogesha ng'ombe, kuchanja na kukata kwato, na kwato hazikatwi kwa maneno. Ndivyo nilivyoanza kununua visu vya kukunja vya wahunzi wa huko. Sisemi visu vya dukani. Nasema vile vya bei ya chee, vilivyofuliwa kwa springi ya lori bovu, mpini wa pembe ya ng'ombe, ribiti ya kipande cha msumari. Nilianza na kimoja, vikawa vitatu, ukawa ugonjwa. Kutoka Kasulu hadi Kibondo hapakuwa na gulio nililopita bila kuchutama mbele ya mhunzi.

Na kuchagua nilijua, nisijifanye mnyenyekevu. Kisu nilikifungua polepole karibu na sikio. Kikikwaruza, ribiti imekazwa vibaya. Nilitazama kama bapa linalala katikati ya mpini au linaegemea upande. Kisha nilipitisha kidole gumba kwenye makali, kwa kukingama, taratibu, na hicho kidole kilinieleza kila kitu: palipochomwa mno, palipokosa moto, palipoharakishwa. Watu wakaanza kuniita hakimu wa visu. Mungu anisamehe, jina lile nililipenda.

Siku ya gulio la Nyakitonto, Jumanne, nilimkuta Bukuru na visu vyake kwenye gunia. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mtoto wa Mzee Rusimbi, mhunzi aliyesifiwa mpaka Kibondo. Mzee mwenyewe sikuwahi kumwona. Alifariki mwaka mmoja kabla watu hawajahamishwa kutoka kwenye mashamba yao na kupangwa kwa mistari katika kijiji kipya. Kisu cha mkono wake nilikitafuta sana nisipate, maana waliokuwa navyo hawakuuza. Basi nikaokota cha mwanawe. Kilifunguka vizuri na kilinyoa vinyweleo. Nikakandamiza ncha kwenye ubao, kikakatika paa! kama muhogo mkavu.

Ningeweza kukirudisha kimya kimya. Lakini hakimu anapenda watu wamsikie, au siyo? Nikakiinua juu.

"Jamani, huyu anauza biskuti! Leteni chai!"

Gulio zima likaangua kicheko. Wateja wawili waliokuwa wameshika visu vya Bukuru wakaviweka chini wakaondoka. Bukuru alivikusanya akafunga gunia. Aliyesema ni mkewe, Leokadia, mwenye mtoto mgongoni.

"Bwana mifugo, umefanya nini? Alisema gulio la leo likimshinda, Jumamosi anapanda lori. Anakwenda mkongeni."

Mkonge mimi naujua, nimezaliwa katikati yake. Nimewaona manamba waliotoka Kigoma wakiwa vijana, wakazeekea kwenye kambi zile, wakaoa tena, wakawasahau waliowaacha. Nilijua yule mtoto alikuwa anapoteza baba. Na bado, niamini, nilipanda baiskeli nikijiambia kwamba kisu kimevunjika kweli, sasa kosa langu liko wapi?

Alhamisi nilikuwa nakwenda kuangalia ng'ombe ng'ambo ya pili ya bonde, na njia inapita mahameni, kule watu walikokuwa wakiishi kabla ya kuhamishwa. Migomba imeachwa ikawa pori. Hapo nikasikia nyundo. Kwa mgonjwa kama mimi hiyo ni sauti ya kuitwa kula. Nikakokota baiskeli mpaka kwenye kibanda kimoja cheusi cha nyasi, kimeinama mpaka karibu na ardhi, na ndani yake mzee amekaa mbele ya fuawe ya kufulia chuma, moto unawaka.

"Mwakeye, mzee," nikamsalimu kwa Kiha changu cha kuazima.

"Mwakeye, mwanangu. Ndiwe hakimu wa visu?"

Nikajichekea. Sifa zimefika mpaka porini! Akatoa visu viwili vya kukunja akaviweka chini mbele yangu. Huko ndivyo ilivyo: kisu hakitolewi mkono kwa mkono. Huwekwa ardhini, nawe ukakiokota. Anayekipokea mkononi amepokea na deni la aliyekishika, ndivyo walivyonieleza tangu mwezi wangu wa kwanza.

"Hukumu," akasema.

Nikaokota cha kwanza. Sijawahi kushika kisu kama kile, na sitashika tena. Kilifunguka bila sauti, na makali yake yalipita kwenye kidole changu sawasawa toka mwanzo mpaka ncha. Nikaokota cha pili, nikakandamiza ncha kwenye jiwe. Paa!

Nilihisi mtego, nikafikiri nimpendeze mzee wa watu. Lakini kwenye visu sikuwahi kusema uongo, na sikutaka kuanza siku ile. "Hiki cha kwanza ni cha fundi," nikasema. "Hiki hakifai."

"Vyote ni vyangu," akasema mzee. "Hicho kisichofaa nilikifua nikiwa kijana, uwanjani, juani. Juani chuma kinakudanganya. Kimeshaiva, wewe unakiona bado cheusi, unakizidishia moto mpaka kinakufa. Baba yangu hakunipeleka gulioni kunicheka. Alinijengea kibanda hiki, nipate giza la kuona rangi ya chuma." Akaninyooshea kile kisu kizuri. "Mwanangu mimi amepangiwa nyumba kwenye mstari, hana hata mti wa kivuli. Nani atamjengea?"

Na mimi, mlafi wa visu, nikanyoosha mkono nikakipokea. Mkononi! Nilikuwa nakijua kila kitu kuhusu kisu, nikasahau kitu kimoja kinachojulikana na kila mtoto wa Kiha.

Kilikuwa cha baridi mpaka mfupani. Ndipo nikainua macho na kuona nilichopaswa kukiona tangu mwanzo. Mivukuto ilikuwa inapanda na kushuka, inapuliza moto, na hakuna aliyeishika. Moto umewaka, nami niko hatua mbili, sisikii joto hata chembe. Nilirudi nyuma nikiwa nimekumbatia baiskeli, na nilipofika njiani kibanda kilikuwa miti minne iliyooza na majani yameota katikati. Kisu nilikuwa nacho.

Sasa mwingine angekimbilia Kasulu akajifungia. Hata mimi miguu ilitaka hivyo. Lakini niligeuza baiskeli kuelekea kijijini, kwa sababu kesho kutwa ilikuwa Jumamosi ya lori, na mwana aliyemsema mzee hakuwa mwingine ila Bukuru.

Bukuru alikuwa anafunga mzigo. Nilipomwonyesha kisu hakukigusa.

"Kiweke chini," akasema. Akachutama akakitazama. "Hiki nilimwekea mwenyewe data, baba yangu, kiunoni, siku tunamzika. Alikupa vipi?"

"Mkononi."

"Pole, bwana mifugo."

"Pole baadaye. Una shoka?"

Tulikata miti mchana ule ule. Ijumaa tulisimamisha nguzo, Leokadia na jirani zake wakaleta nyasi. Kiongozi mmoja wa kijiji alikuja na kamba yake ya kupimia, akasema kibanda kinaharibu mstari. Nikamwambia mstari auandike kwenye barua, ila mimi hapa sing'oki mpaka paa limekwisha. Alinitazama, akaona macho yangu, akaenda zake. Tuliezeka chini kabisa, mpaka ndani pakawa giza adhuhuri. Bukuru hakuniahidi kubaki. Mzigo wake ulikuwa mlangoni, umefungwa.

Jumamosi asubuhi alitia chuma motoni, Leokadia akavuta mivukuto. Safari hii alikitoa mapema, kikiwa na wekundu ambao uwanjani asingeuona kabisa. Akakizima, akakinoa, akakiweka chini mbele yangu. Lori lilikuwa limeshafika barabarani linapiga honi.

Nikakandamiza ncha kwenye ubao. Ikapinda. Nikaachia, ikarudi ikanyooka. Nikakandamiza tena kwa uzito wangu wote, ikarudi tena! Nikapitisha kidole gumba kwenye makali nimpe hukumu yake. Sikusikia kitu. Nikapitisha tena, nikazidisha.

"Bwana mifugo, unajikata!" Leokadia akapiga ukelele.

Damu ilikuwa inachuruzika mpaka kwenye kiwiko, na mimi sina habari. Honi ikapigwa mara ya mwisho, lori likaondoka. Bukuru alikuwa amekwishatia kipande kingine motoni.

Kile kisu cha baba yake tulikirudisha kaburini, tukakiweka chini, hatukutazama nyuma. Kidole changu hakikusikia kitu tena. Daktari amekichoma sindano, anasema mishipa ni mizima. Sijahukumu kisu tena.

Lakini kilichoninyima usingizi si kidole. Nilianza kuwahesabu wahunzi wengine niliowafanya wachekwe na watu, na nikaapa nitawafuata mmoja mmoja kwa baiskeli ile ile. Wengi niliwakuta, nikawaomba radhi, wakacheka, yakaisha. Mmoja wa Murungu, upande wa Kibondo, nilikuta jiko lake limepoa na fuawe imeota kutu. Mama yake alitoka mbio aliponiona nimevaa kofia ya serikali. Akaniuliza kama nimemletea barua ya mwanawe kutoka mkongeni.

Basi wewe unayenisikiliza, ukishika kazi ya mtu mkononi na kicheko kimekujaa mdomoni, kimeze. Nenda kwanza ukaone anafanyia wapi. Mimi yule mama nilimwambia sina barua, naye akanishukuru kwa kuja, akanikaribisha viazi.