Redio ya Meza ya Vifungo

Mama mdogo anaongea lugha nne, na kuna wakati hapa kazini hilo lilikuwa ndilo kosa lake.

Tunashona sare za shule. Chumba ni kimoja kirefu, ghorofa ya juu, na vyerehani vimepangwa mistari mitatu: mmoja dirishani, mmoja ukutani, mmoja upande wa ngazi. Hakuna aliyeamuru, lakini kila mstari una lugha yake. Mtu mpya akija husimama kwanza mlangoni, anatega sikio, halafu anakwenda kukaa palipo na maneno ya kwao. Lugha ya wote, hii ninayoandikia, ni ya kuulizana mkasi uko wapi na nani kaficha chaki. Mambo ya maana kila mstari unaongea kivyake, tena kwa sauti, kwa sababu wanajua wengine hawaelewi.

Mama mdogo hana mstari. Ana meza ya vifungo, mwisho kabisa wa chumba, karibu na mlango wa nyuma. Kila shati lazima lipite kwake kabla ya kwenda kwenye pasi. Mimi nakaa pembeni yake, nakata nyuzi zilizobaki. Anayeleta rundo lake anasalimiwa kwa lugha yake, anaulizwa habari za mtoto kwa lugha yake, akichelewa kazi anatukanwa kidogo kwa lugha yake, wanacheka. Ndipo wakamwita Redio. Wakati huo lilikuwa jina zuri.

Lugha ya mstari wa ukutani ni ya kwetu, alizaliwa nayo. Ya mstari wa ngazini aliipata kwa mama mkwe, ambaye alikataa katakata kumsemesha mkamwana kwa lugha nyingine. Chumvi akitaka, lazima aiombe kwa lugha ya mama mkwe, la sivyo ale chakula hivyo hivyo. Ndoa ilivunjika, lugha akaondoka nayo. "Masufuria alibaki nayo yeye," husema. "Lugha angeninyang'anya vipi?" Ya dirishani aliiokota kwenye nyumba ya kupanga, penye bomba moja la maji na wapangaji wengi. Alianza na matusi, ili ajue anapotukanwa. Baada ya matusi zikaja salamu. Baada ya salamu wakaanza kumwachia watoto wao akiwa nyumbani.

Sasa lile jambo lenyewe.

Mlango wa nyuma una ngazi ya chuma ya kushukia nje. Tukishaingia wote asubuhi, msimamizi huufunga kwa kufuli na kutia ufunguo mfukoni. Anasema vitambaa vinaibwa. Kwa hiyo tunamwita Kufuli, na nadhani analijua jina hilo. Siku moja pasi iliunguza rundo la kaptula, moshi ukajaa chumba, watu wote tukaelekea ngazi ya mbele, ile nyembamba. Hakufa mtu. Lakini dada mmoja alikanyagwa mkono, mpaka leo hashiki sindano vizuri.

Mara tukasikia kuna mkaguzi anakuja. Wanawake wakakubaliana: akiingia tu, vyerehani vyote vinyamaze, na Mama Pacha wa mstari wa dirishani, mwanamke mkubwa wa mwili na wa sauti, amwonyeshe lile kufuli kwa kidole. Makubaliano hayo yalizunguka chumba kizima ndani ya mchana mmoja. Aliyeyabeba kutoka mstari hadi mstari ni mama mdogo. Nani mwingine angeweza?

Mkaguzi akaja. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, umeegemezwa tofali, na fremu imepakwa rangi mpya. Kufuli halikuonekana popote. Mama Pacha alinyoosha kidole, akakirudisha mwenyewe. Mkaguzi akasifu hewa inavyopita, akaandika, akaondoka. Hajamaliza ngazi, tukasikia kufuli likijibu, *ka!*

Chumba kizima kikageuka kuitazama meza ya vifungo.

Kesho yake Mama Pacha alileta rundo lake la mashati akalibwaga sakafuni.

"Mbona chini, mama?" mama mdogo akauliza.

"Meza yako ina masikio."

Fundi Kola, mama mtu mzima wa mstari wa ukutani anayeshona kola tu, akaja kwa upole, jambo ambalo ni baya zaidi. Akasema kwa lugha ya kwetu, "Mdogo wangu, sisi ni damu moja. Mimi sisemi ni wewe. Ila wenzako wanasema mwisho wa wiki hii kila mstari utashona vifungo vyake wenyewe."

"Na wewe unasema nini, dada?"

"Mimi ninanyamaza."

Meza ya vifungo isiyo na mashati haihitaji mtu. Msimamizi angemwondoa, na wala asingehitaji kumtafutia sababu. Kodi ya chumba chetu inatoka kwenye meza ile.

Niseme ukweli, hata mimi nilimshuku. Siku mbili tatu kabla ya mkaguzi, msimamizi alimwita nje, pale kwenye ngazi ya mbele, tena mbele ya watu wote. Nikawaona kwa upenyo wa mlango. Msimamizi aliongea, akacheka, akamgusa bega. Mama mdogo naye alicheka. Kicheko chenyewe kilikuwa kifupi, cha kumaliza mazungumzo, lakini nilikisikia.

Jioni, tukiwa tunaosha vyombo, nikamuuliza.

"Alikuitia nini?"

"Uzi mweusi."

"Uzi mweusi?"

"Aliniuliza kama uzi mweusi umebaki. Na wewe jiulize, uzi mweusi unahitaji mtu aitwe nje?" Akaendelea kusugua sufuria. "Alitaka nionekane. Mwanangu, mimi nimeitwa nje na wanaume wengi, sijawahi kuitiwa uzi."

Sikumwamini sana. Nadhani aliona, kwa sababu aliweka sufuria chini akanitazama.

"Nikuambie kitu. Mimi nimekuwa bubu mara mbili katika maisha haya. Kwa mama mkwe, na kwenye ile nyumba ya bomba. Mtu asiyejua lugha hana raha. Watu wakicheka, anageuka. Anatazama midomo. Anajiuliza, wananicheka mimi? Hata awe na kiburi vipi, shingo yake itamgeuza. Kesho wewe mtazame Kufuli."

"Nitazame nini?"

"Shingo."

Kukaa kimya na kutazama nakuweza, shuleni nilikotolewa mapema walinisifia hilo tu. Kesho yake nikawa nakata nyuzi huku jicho liko kwake. Kiti chake kiko dirishani, kwa sababu ya hewa, karibu kabisa na cherehani cha Mama Pacha. Mstari wa ngazini ukaangua kicheko: shingo ya msimamizi ikageuka. "Nini tena huko?" akafoka. Mstari wa ukutani ukacheka: akageuka vilevile. Halafu Mama Pacha akasema jambo, mstari wa dirishani wote ukapiga meza kwa kucheka, mpaka mistari mingine ikageuka kutazama. Msimamizi hakugeuka. Aliinamia simu yake akawa anasugua masharubu, anasugua, kama mtu anayefuta kitu mdomoni.

Nikamwambia mama mdogo. Hakushangaa.

"Basi waambie!" nikasema.

"Niwaambie nini? Redio inamsingizia msimamizi? Wataniuliza, wewe umejuaje. Na nikianza kueleza nani alisema nini mbele yake, si ndiyo nitakuwa mbeba maneno kweli? Sasa hivi nikifungua mdomo nimekwisha, na nikifumba nimekwisha."

Siku ya mwisho ya wiki ile ilianza vibaya. Hakuna rundo hata moja lililoletwa mezani kwetu. Wanawake walikuwa wamejigawia vifungo, na walivishona hovyo, vingine vikining'inia kama meno ya mtoto. Msimamizi alikuwa anapita katikati ya mistari na mikono yake nyuma. Akafika mezani kwetu, akaitazama meza tupu, akatabasamu. "Naona leo mmepumzika," akasema. Akaenda zake kukaa.

Mama mdogo akainuka, akabeba kopo la vifungo, akaenda nalo mstari wa dirishani kama anayepeleka vilivyopungua. Mama Pacha akamgeuzia mgongo. Msimamizi alikuwa ameshafika kwenye kiti chake, ameshika suruali magotini, anajishusha.

Mama mdogo akasema maneno machache kwa lugha ya dirishani. Hakupaza sauti wala hakuinua macho kutoka kwenye kopo. Aliyasema kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Msimamizi aliganda. Makalio yake yalibaki hewani, hayajafika kitini wala hayajarudi yalikotoka. Mikono ilishika magoti. Akageuza kichwa polepole kutazama kiti.

Mstari wa dirishani ukanyamaza. Mguu baada ya mguu ukaacha kukanyaga cherehani. Mistari mingine ikaona ule ukimya, nayo ikanyamaza, na mtu wa ngazini akauliza kwa lugha ya wote, "Jamani, kasema nini?"

Mama Pacha ndiye aliyejibu, na alijibu bila kumwondolea macho msimamizi.

"Amesema, 'Jamani, kwenye hicho kiti kuna sindano imesimama.'"

Hakukuwa na sindano. Kiti kilikuwa kitupu, kila mtu alikiona.

"Mgongo," msimamizi akasema, akijinyoosha. "Mgongo umenishika."

"Hee! Na huo mgongo umejifunza lini lugha ya kwetu?"

Chumba kililipuka. Hata Fundi Kola, ambaye huwa hacheki kabla hajaweka sindano chini, alicheka na sindano mdomoni. Mama Pacha akaondoka kwenye kiti chake, akamsimamia, akaanza kumsemesha kwa lugha yao, maneno mengi, mfululizo. Msimamizi alivumilia kidogo, halafu akajibu. Akajibu kwa lugha ileile! Wanawake wa dirishani wakashikana mikono kwa kucheka, wakatueleza: anaongea kama ajuza. Anasema "wajukuu zangu" pale mtu wa umri wake anaposema "nyie". Kumbe alilelewa na bibi yake, mama wa mama yake, na lugha hiyo hakuwahi kuongea na mtu mwingine.

"Basi ungetuamkia tu," Mama Pacha akamwambia, sasa kwa lugha ya wote ili tusikie. "Tungekupenda. Muda wote huo unakaa hapa unakinga maneno yetu kama ndoo!"

Msimamizi akaanza tena kusugua masharubu. Nilimwonea huruma kidogo tu, kisha nikaukumbuka ule mkono uliokanyagwa.

Fundi Kola akainuka kutoka mstari wa ukutani. Hakufoka.

"Mlango, mwanangu."

"Mlango gani?"

"Tunayo mingapi iliyofungwa?"

Hakuna cherehani kilicholia. Msimamizi alitutazama mstari kwa mstari, nadhani akitafuta mstari ambao ungeanza kukanyaga kwanza. Haukupatikana. Akaja mpaka kwetu, akatoa ufunguo, akafungua kufuli. Alitaka kuliacha linaning'inia kwenye pete yake. Mama mdogo akanyoosha kiganja, akalipokea, akalitumbukiza kwenye kopo la vifungo.

"Litakaa humu," akasema. "Ukilihitaji utaniomba. Lugha yoyote utakayoniomba nayo nitakuelewa."

Mashati yakaanza kuja. Yalikuja na vile vifungo vya hovyo, ikabidi tufumue kwanza. Mama Pacha akaleta rundo lake mwisho wa wote, na safari hii akaliweka mezani. Lakini hakuondoka. Alisimama akimtazama mama mdogo, jicho moja kalifinya.

"Redio."

"Naam, mama."

"Siku hizi zote tulizokususa, tulikuwa tunakusema pale dirishani. Ulikuwa unasikia?"

"Vizuri kabisa."

"Na yale niliyosikia… kuhusu miguu yangu, yale ya mstari wa ngazini. Ni kweli walisema?"

"Walisema nini?"

"Si ndiyo nakuuliza wewe?"

Mama mdogo akatia uzi kwenye sindano, akakata ncha kwa meno.

"Mama Pacha, nenda kawaulize wenyewe. Hawako mbali."

Mama Pacha alisonya. Akageuka kutazama mstari wa ngazini, na mstari wa ngazini ukaacha kuongea, ukamtazama yeye. Kisha akavuta kiti chake, akakiburuta mpaka kule, akakaa. Sikusikia walianza na lugha gani.