Nilijiandika Mvumbuzi wa Kisanduku cha Shemeji

Kosa ni langu peke yangu, ndugu zangu. Msinitafutie visingizio, nimeshavitafuta vyote mwenyewe!

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni seremala kule Wamaza. Alibuni kisanduku cha mbao cha kuwekea karatasi za kupangusia mikono mezani. Ndani kuna kipande cha mpira wa baiskeli kinachosukuma karatasi juu: ukivuta moja, nyingine inajitokeza, na vumbi haliingii. Wenye mikahawa wa Kasongo walikipenda mno.

Yeye hajui kusoma, wala Kifaransa cha maofisini. Mimi nakijua. Nilipokuwa nakwenda Kindu akanipa kimoja. "Shemeji, unipelekee ku biro ya serikali, waniandikie breve, watu wasiniibie." Breve ni ile hati ya kulinda ulichovumbua.

Penye jina la mvumbuzi nikaandika langu. Nisimsingizie shetani, ilikuwa tamaa yangu.

Nikamwambia faili limekwama. Kumbe nilikuwa natengenezesha visanduku vyangu Kasongo! Siku alipoviona mezani kwa watu, vina jina langu, akaniita Wamaza mbele ya wazee wa familia.

"Karatasi yako iko wapi?" nikamuuliza, yangu nimeishika juu.

"Karatasi siko nayo," akasema. "Niko na mikono tu."

Wazee wakautazama muhuri, wakasema hawawezi kupinga karatasi ya serikali. Nikashinda. Nikarudi Kasongo nacheka, mjinga mimi!

Juma lilelile baba mkwe akaja na mbuzi. Mbuzi wa mahari, idadi ileile niliyotoa! Akawafunga mlangoni kwangu. Kwetu mahari ikirudishwa, ndoa imekwisha. Nikapiga magoti.

"Umeiba jasho ya mutoto wangu mumoja," akasema. "Huyu mwingine siwezi kukuachia."

Mke wangu akatoka na mzigo wake, watoto nyuma. Hakulia. Alisema tu, "Ungemuomba kaka, angekupa."

Nimekwenda Wamaza kwa pikipiki mara tatu, matope hadi magotini. Nimeichana breve mbele ya wazee, nimekiri yote, nimeomba kutoa mahari upya. Wamekataa! Shemeji alinipa kiti na maji ya kunywa, akaendelea kupiga randa. Afadhali angenipiga! Naongea peke yangu njiani.

Wewe uliyetumwa na ndugu asiyejua kusoma, nakusihi, andika jina lake. Andika lake! Mimi leo naishi na mbuzi.