Mkanda Ambao Rukia Hakuuweka

Rukia alitoka Kondoa akiwa msichana, akauza mafuta ya alizeti sokoni Majengo mpaka mvi zikamtoka. Alitaka vyumba viwili tu, kimoja cha kuishi na kingine cha kupangisha, uzee usimkute akiwa bado anabeba madumu. Akapata kiwanja kidogo Miyuji, akaanza kujenga taratibu: tofali leo, saruji akijaliwa.

Msingi ulipokamilika, Fundi Elisha alimwambia, "Mama, hapa tupige kwanza mkanda wa zege uzunguke wote. Udongo huu ukinywa maji unavimba, unapasua nyumba."

"Nikiweka mkanda, bati nitapata?"

"Mwaka huu, hapana."

"Basi pandisha ukuta."

Nyumba ilipoezekwa, chumba cha pili alikipanga Loisi, fundi cherehani mwenye mtoto mchanga, Joshua. Rukia alilala usingizi mzuri kwa miezi kadhaa.

Kisha mvua za Januari zikashuka kwa fujo. Asubuhi moja aliona ufa kwenye ukuta wa nyuma wa chumba cha Loisi. Kufika adhuhuri, ufa ulikuwa unameza kidole. Alimpigia Elisha simu.

"Mtoe mtu humo sasa hivi," Elisha alisema. "Nakuja."

Loisi alikuwa anashona sare za shule. Mtoto alikuwa amelala kitandani, kando ya ukuta uleule.

"Mama Joshua, toka. Ukuta unaanguka."

Loisi hakuacha kukanyaga cherehani. "Nilikotoka, Chang'ombe, mwenye nyumba alisema choo kimetitia. Nikatoka. Wiki ileile akaingiza mtu wa kodi kubwa. Mama, ukitaka chumba chako, niambie tu."

"Sikitaki!"

"Basi sitoki na mtoto kwenye mvua hii."

Rukia alisimama mlangoni. Alijua la kusema, na alijua mtaa mzima utalisikia. Plasta ikaanza kudondoka kwenye shuka.

"Sikuweka mkanda," akasema. "Fundi aliniambia, nikakataa. Nilikimbilia kodi yako. Ukuta ni mbovu, na ubovu huo ni wangu."

Cherehani likanyamaza. Loisi alimtazama, akautazama ukuta, akamnyakua mwanawe. Rukia akakimbilia kulinyanyua cherehani.

"Liache! Mama, liache!"

Loisi alimvuta kwa kanga, wakaangukia wote uani kwenye matope. Nyuma yao ukuta ulilala juu ya kitanda, bati likining'inia. Mtoto akalia. Loisi akamtukana Rukia matusi yote aliyoyajua. Elisha alipofika, aliwakuta bado wamekaa pale pale, wanalowana.

Loisi alihamia kwa dada yake. Rukia alibomoa vyumba vyote viwili, akajibanza kwa Mwamvua, muuza mafuta mwenzake, akarudi kubeba madumu.

Kiangazi, mkanda ulimwagwa. Rukia alikuwa anaumwagilia maji Loisi alipotokea, mtoto mgongoni. Hakumsalimu. Alitembea kuuzunguka, akamuuliza Elisha, "Umefunga kote?"

"Kote, dada. Nondo zimo."

Loisi akamgeukia Rukia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mlango uwe upande wa barabara. Wateja wangu walikuwa hawanioni."

Rukia akaweka ndoo chini. "Elisha," aliita, "njoo umsikilize mwenyewe anavyotaka."