Foleni Iliyokufa Ghorofa ya Tisa

Miaka ile polisi wa Guangzhou, kule China, walipopenda sana kusoma pasipoti zetu, nilikuwa nasomea kompyuta kwa ufadhili, na mchana nikimsaidia mama mmoja wa Mwanza, wakala wa mizigo, ghorofa ya tisa pale mtaa wa Xiaobei. Kazi yangu ilikuwa kuandikisha mabunda ya nguo kwenye hifadhidata yake. Hifadhidata yenyewe ilikaa kwenye seva pepe ya kukodi, yaani kipande cha mashine ya watu, tuliyogawana na wapangaji tusiowajua.

Kipande kile kilijiheshimu. Ukibonyeza "hifadhi", kinatafakari kwanza. Mteja mwenye mabunda arobaini alikuwa na muda wa kunywa chai, kuchoka, na kuniuliza kama nimeolewa. Nyuma yake foleni inajaa koridoni, na hakuna kitu polisi walichokipenda kama foleni ya Waafrika. Lifti ikilia tu, nusu ya watu wanashuka kwa ngazi. Siku moja mfanyabiashara wa Iringa, ambaye viza yake ilikwisha zamani, aliteguka mguu huko ngazini.

"Mwanangu, fanya kitu," mama akaniambia.

Nilimpigia simu aliyetukodisha seva. "Mei banfa," akajibu, hakuna namna, kwa furaha ya mtu anayekwenda kula.

Nikaisoma programu mwenyewe. Kumbe fundi hodari aliyemtengenezea mama programu hiyo aliiamuru iandike bunda moja, isubiri diski ithibitishe, ndipo iandike la pili. Nikayakusanya mabunda yote ya mteja yaandikwe kwa mkupuo, diski ithibitishe mara moja tu. Arobaini yakaingia kabla sijamaliza kukohoa. Foleni ikafa. Nikajiona mkombozi.

Wiki iliyofuata akaja yule wa Iringa, bado anachechemea. Nikampa karatasi ya orodha ya mabunda yake papo hapo.

"Tayari? Dada, hebu angalia tena. Haraka hii si bure."

"Yameingia yote, kaka."

Hakuniamini. Akasimama koridoni kuhakiki bunda moja moja kwa kidole. Lifti ikalia. Kwa mguu ule, ngazi hakuziwahi.

Polisi walimrudisha nyumbani kwa ndege. Mzigo wake ulipanda meli, ukamfuata. Baadaye alinipigia simu kuniambia umefika kamili, hakuna bunda lililopotea, na kwamba mashine yangu ni nzuri sana. Nikamshukuru.