Siku Bibi Aliposema Hatuna

Harufu ninayoikumbuka zaidi ya msimu ule ni ya matembele yakichemka kwenye tui la nazi, na haikutoka jikoni kwetu. Ilitoka uani kwa Mama Tatu, jirani yetu wa ng'ambo ya kichochoro, mwanamke wa Kizaramo aliyekuwa na genge la mboga karibu na njia ya sokoni pale Bagamoyo. Kila ilipokaribia adhuhuri harufu ile ilivuka kichochoro, ikapenya chini ya mlango wetu mkubwa wa nakshi na kutukuta tumekaa kwenye mkeka ukumbini. Mama alikuwa mja mzito, na harufu ikimfikia alifumba macho na kumeza mate. Mdogo wangu Seif, ambaye pembe za mdomo wake zilikuwa zimechanika na haziponi, aliuliza bila haya, "Leo na sisi tunapika?" Bibi alimjibu kwa sauti ya upole kabisa kwamba wenye adabu hawaulizii vyungu vya watu.

Nyumba yetu ilikuwa ya mawe, ya tangu enzi za baba wa babu yangu, aliyekuja kutoka Omani kufanya biashara na akabaki. Mtu akipita nje angedhani ndani mna makochi na mazulia. Ndani mlikuwa na chokaa inayobanduka vipande vipande, mitungi, kitanda cha Bibi cha miguu ya kuchonga, na sisi. Baba alikuwa na duka la vitambaa ambalo lilisinyaa mwaka hadi mwaka mpaka likafungwa, akaenda Chalinze kuuza katika duka la mtu mwingine pale yanaposimama malori. Huko alishikwa na homa, na aliporudishwa nyumbani alikuwa tayari hajitambui. Tulimzika kabla ya mvua za vuli. Mama akakaa eda, na kwa kuwa alikuwa na mimba, eda yake ingekwisha siku atakapojifungua. Hakutoka nje ila kwenda kliniki, akifuatana na Bibi, wamejifunika wote wawili, wakitembea upande wa kivuli.

Kliniki ndiko yalikoanzia maneno. Muuguzi alimvuta Mama kope ya chini, akatazama, akampima damu, kisha akamwambia damu imepungua sana na kwamba asipojitazama atapata taabu siku ya kujifungua. Alimpa vidonge na kumwambia ale mchicha, matembele, kisamvu, maharage, machungwa na mapapai. Mama aliitikia kila neno. Waliporudi, Bibi aliweka mkoba wake chini, akaenda jikoni, akatupikia tulichokuwa nacho: uji wa muhogo na chai ya rangi. Alipokaa kula aliinamia bakuli lake, na mimi nilielewa kwamba siku hiyo sitakiwi kuuliza lolote.

Si kwamba mboga zilikuwa mbali. Zilikuwa gengeni kwa Mama Tatu, hatua chache tu kutoka kizingitini, mafungu mafungu yamenyunyiziwa maji yanang'aa. Naye Mama Tatu alikuwa na moyo. Mwanzoni alituletea bakuli la matembele karibu kila wiki, akigonga mlango na kuita, "Hodi, Bimkubwa! Shikamoo." Bibi aliitikia marahaba, akapokea kwa mikono miwili, akashukuru. Lakini kwetu, kama kwa watu wengi wa mji wa kale, bakuli la jirani halirudishwi tupu. Bibi aliliosha, akalifuta, kisha akatafuta cha kutia: tende chache, kipande cha sukari guru, siku nyingine vitumbua alivyokaanga kwa unga aliokuwa ameuweka akiba. Ikafika siku akafungua kila kopo jikoni na hakupata kitu. Bakuli lilikaa rafuni, safi, likimngojea. Hatimaye alinituma nilirudishe hivyo hivyo, na mara Mama Tatu alipogonga tena, Bibi alimwambia kwa tabasamu, "Leo tumeshapika, mwanangu. Mungu akuongezee." Mama alikuwa nyuma ya pazia, anasikia. Matembele yalirudi kwao.

Nilikuwa mtoto wa darasa la nne, na siku ile nilimchukia Bibi. Nilidhani ni kiburi. Sikujua bado kwamba kuna watu ambao kupokea kunawaumiza kuliko njaa yenyewe, na kwamba hawakujichagulia kuwa hivyo.

Wiki chache baadaye gari lenye kipaza sauti lilipita likitangaza mkutano wa kitongoji. Serikali ilikuwa imeleta mpango wa ruzuku kwa kaya maskini, na wananchi wenyewe ndio wangezitaja kaya hizo hadharani. Ruzuku ilikuwa fedha ya chakula na mahitaji ya watoto. Kaya yenye mama mjamzito au mtoto mdogo ilitakiwa kwenda kliniki na kuhudhuria mafunzo ya lishe, wajue kununua mboga na matunda na si unga peke yake. Mama alisikia tangazo lile akiwa anakuna nazi aliyoletewa na shangazi mmoja. Akasimamisha mkono.

"Mama," alimwambia Bibi, "mimi siwezi kwenda. Niko eda."

"Najua."

"Basi nani ataenda?"

Bibi aliutazama mlango wa nakshi. "Mwanangu, watu wa mji huu wamekula kwenye ua huu. Nikasimame mbele yao niseme sina? Watasema nini?"

"Watasema hatuna," Mama alijibu. "Na kweli hatuna."

Sikuwahi kumsikia Mama akimjibu mkwewe hivyo. Aliendelea kukuna nazi, kisha akainuka kuchota maji mtungini, na nusu ya njia akashika ukuta. Kata ilimponyoka. Alijikunja taratibu kama nguo inayoanguka kutoka kambani, akakaa sakafuni, midomo yake imekuwa ya kijivu. Seif alianza kulia. Bibi alimfikia kabla yangu, akamlaza kichwa mapajani, akampepea kwa upindo wa kanga, akimsomea dua. Mama alipofumbua macho aliomba radhi, eti kwa kumwaga maji. Bibi aliisukuma kata kando. Alimtazama kope zake, akazivuta chini kama alivyomwona muuguzi akifanya, na nadhani aliona alichokiona muuguzi.

Mkutano ulifanyika kesho yake asubuhi kwenye uwanja wa shule, watu wamekaa kwenye madawati yaliyotolewa nje na wengine chini. Bibi alinishika mkono njia nzima. Palikuwa na ofisa wa kike kutoka wilayani, kijana, mwenye sauti iliyokauka kwa kuzungumza mno, na mwenyekiti wa kitongoji kando yake. Kaya zilitajwa moja moja, na kila ilipotajwa watu waliulizwa kama wanakubali. Wapo walioitikia kwa huruma, wapo walionung'unika. Ndipo Mama Tatu akasimama, akalitaja jina la marehemu baba yangu na kusema mjane wake apewe.

Bwana Mshamu, fundi cherehani aliyekuwa amekaa mbele, aliguna. "Nyumba ya mawe ile? Yenye mlango wa nakshi? Jamani, kama wale ni maskini basi sisi wa makuti tuitweje?" Watu walicheka. Hawakucheka wote kwa ubaya. Kilikuwa kicheko cha watu waliokaa juani kwa muda mrefu. Ofisa aliuliza kama yupo mtu wa nyumba hiyo.

Bibi aliniachia mkono akasimama. Kicheko kilikatika, kwa sababu wengi hawakuwa wamemwona amekaa pale nyuma, na hakuna aliyetazamia kumwona mahali kama pale.

"Mshamu," alisema, "harusi ya mwanangu ulikuja, ukala, ukashiba, nami nikafurahi. Sikukumbushi ili nikudai. Nakukumbusha kwa sababu unanijua, na mimi si mwongo." Sauti yake haikuwa kubwa, ikabidi watu wanyamaze wamsikie. "Mlango ule aliuweka mkwe wangu. Hauliki. Mke wa mwanangu ana mimba, damu haina nguvu, jana ameanguka mbele yangu. Mjukuu wangu mdomo umechanika. Hospitali wamesema mama huyo ale mboga, ale matunda, na asubuhi hii nimempa chai kavu. Nimekuja kusema mwenyewe, asije mwingine akasema kwa niaba yangu. Sisi hatuna."

Akakaa. Nilitazama miguu yangu. Nilisikia mtu akisema "Laa ilaha illa Llah" polepole, kisha Bwana Mshamu akasimama, kofia mkononi. "Nisamehe, Bimkubwa," alisema. Akamgeukia ofisa: "Mimi nakubali. Andika." Mikono ikanyooshwa uwanja mzima.

Nyumbani Bibi alimweleza Mama kwa kifupi tu kwamba wamekubaliwa, akaenda kuswali, akakaa juu ya msala mpaka alasiri.

Fedha haikuja upesi. Walikuja kwanza watu kuthibitisha, wakatazama jikoni, wakauliza maswali ambayo Bibi aliyajibu akiwa amekaa wima kitini kama mtu anayepokea wageni wa posa. Ilipotoka mara ya kwanza, alikwenda sokoni mwenyewe, na alikwenda asubuhi. Hilo lilikuwa jambo. Kwa miezi mingi tulikuwa tukinunua jioni, wakati mboga zimelegea na wauzaji wanataka kuondoka. Sasa Bibi alisimama mbele ya genge la Mama Tatu huku umande bado uko kwenye majani, akavunja shina la mchicha kusikia linavyokatika, akabinya papai, akanusa chungwa. Mama Tatu alimwacha achague kwa raha yake. Seif alipewa chungwa palepale. Alikula mpaka ganda la ndani, akalia kwa sababu maji yake yaliuchoma mdomo wake, na akaomba jingine.

Kupika mboga Bibi hakujua vizuri, na hilo hadi leo hunichekesha. Alijua pilau, alijua mchuzi wa papa, alijua halua. Majani aliyaona chakula cha watu wa mashamba. Kwenye mafunzo ya lishe bwana afya aliwaambia mchicha usichemshwe mpaka ukafa. Bibi alinyoosha mkono na kumwambia kwamba chakula kisichoiva ni cha mbuzi. Wakabishana. Mwishowe Mama Tatu ndiye aliyekuja jikoni kwetu akamwonyesha matembele yanavyopikwa, na wakakaa wote wawili, mmoja kwenye kibao cha mbuzi akikuna nazi, mwingine akikamua tui, wakimsengenya bwana afya.

Mama alijifungua mwisho wa masika. Alitoka damu, lakini si ya kumchukua; muuguzi yule yule alisema kwamba kama Mama angekuja na hali aliyokuwa nayo mwanzo, yeye asingependa kueleza ambacho kingetokea. Mtoto alikuwa wa kike, tukamwita Rahma.

Singependa mtu afikiri kila kitu kilikuwa kizuri. Ruzuku ilichelewa mara kwa mara, na ilipochelewa tulirudi kwenye uji. Na Mama Tatu, aliyesimama kututaja, yeye hakuchukuliwa. Alikuwa na genge, wakasema, ana biashara, ingawa wanawe walikula tu kilichobaki bila kununuliwa. Hakulalamika mbele yetu. Bibi aliapa hatanunua jani kwa mtu mwingine, na mpaka alipofariki hakununua. Lakini kununua kwa jirani si sawa na kuhesabiwa na serikali, na nadhani wote wawili walilijua hilo.

Sasa mimi ni mwalimu, napanga nyumba ya vyumba viwili huko Mlingotini, na Mama na Rahma hukaa nami. Barabara ni nzuri kuliko ile ya utotoni. Nyanya na kabichi hutoka Miono asubuhi na kufika kwetu kabla ya saa nne. Mshahara wangu si wa kujivunia, lakini nikifika gengeni huchukua fungu la mchicha na embe mbili huku nikiwaza mambo mengine kabisa. Mpango wa kaya maskini bado upo, na siku hizi fedha ya wengi huingia kwenye simu, bila foleni. Darasani kwangu wapo watoto wenye pembe za mdomo zilizochanika. Nawatambua kabla ya kujua majina yao, na sijui kama bibi zao wamewahi kusimama mahali popote.

Juzi mchana tulikuwa tunakula. Rahma, ambaye sasa ni mrefu karibu kunipita, alisukuma mchicha pembeni mwa sahani akasema amechoshwa na majani. Nilianza kumgombeza, nikamweleza habari ya mkutano ule, Bwana Mshamu na kila kitu. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akamgeukia Mama.

"Kwani Bibi hakuona haya?"

Mama alikuwa akimega ugali. "Aliona," alisema. "Mwaka ule alialikwa harusi nyingi. Hakwenda hata moja."

Sikulijua hilo. Nilikuwa nikiishi naye nyumba moja, nikilala kitanda kimoja naye, na sikulijua. Bibi alipenda harusi kuliko kitu chochote. Alikuwa akikaa mstari wa mbele, akiimba na kupiga vigelegele mpaka sauti inamkauka. Miaka yote hii nilikuwa nikifikiri kwamba serikali ilitupa mboga bure.