Nilivyompa Shujaa wa Kijapani Mama Mkwe

Mimi Kijapani sijui. Naanza na hilo ili mtu asije akanisuta baadaye. Kwa miaka mitatu na ushee nimetafsiri katuni ya Kijapani kwenye banda umiza, banda la kuonyeshea video, la pale Kewanja machimboni, kwa sauti iliyosikika hadi kijiji jirani cha Nyakunguru na, upepo ukiwa mzuri, hadi kwa Wajapani wenyewe. Lakini Kijapani sijui hata salamu. Nilichokuwa nacho ni Kiingereza cha masomo ya jioni. Mchana nililima kwa baba, kijijini Mbalibali, jioni nikapanda baiskeli kwenda Mugumu, ambako mwalimu wetu alikuwa anasinzia kabla yetu. Wakati uliopita tuliumaliza vizuri. Wakati ujao hatukuufikia, na ndiyo maana katika tafsiri zangu zote hakuna mtu aliyewahi kuahidi chochote.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Picha inatupwa kwenye shuka jeupe, maandishi ya Kiingereza yanapita chini kwa kasi ya swala, na mimi nimekaa nyuma kwenye kiti cha plastiki, kipaza sauti mkononi, nasema kila anachosema kila mtu. Mwanamume, mwanamke, joka, mlango unaolia kwa kukosa mafuta: wote mimi. Maandishi nikiyawahi, nasema yalivyo. Nisipoyawahi, nasema inavyofaa. Watu walikuwa hawaji kujua kilichotokea Japani. Walikuja kujua kilichotokea Japani baada ya kufika Kewanja.

Katuni hiyo ilianza kama kitabu cha michoro, ikawa katuni, ikawa mchezo wa simu, na nasikia huko kwao ipo hadi kwenye soksi. Habari yake ni ya mpishi wa tambi aliyetumbukia kwenye sufuria lake mwenyewe akaibukia dunia nyingine, dunia ya majoka na mashetani. Huko wakamfanya shujaa, kwa sababu hakukuwa na mwingine karibu. Sisi tulimwita Staringi, kama tunavyomwita kila mtu ambaye hafi mpaka mwisho wa picha. Silaha yake ni upawa wa mchuzi. Anasafiri na joka linaloogopa kupaa, pamoja na bibi kizee mmoja mchawi. Wanamtafuta Mfalme wa Mashetani, ambaye kila wakimpata analia, wanamhurumia, wanampikia tambi, wanaondoka, na kesho yake wanaanza kumtafuta upya.

Sasa yule bibi ndiye aliyeniponza.

Siku ya kwanza kabisa alipotokea, Staringi alitembea pembeni yake macho yakiwa chini, mkono usoni, shingo imepinda upande wa pili. Sababu iliandikwa pale chini. Mimi wakati huo nilikuwa nakunywa soda. Nilipoweka chupa chini, maandishi yamekwisha kupita, na mchimbaji mmoja wa mstari wa mbele, mwenye vumbi la mwamba hadi kwenye kope, ameshageuka.

"Mtafsiri! Mbona mwanaume mzima anaangalia chini kama kaangusha sindano?"

Sikufikiri hata kidogo. Nikasema, "Yule ni mama mkwe wake."

Banda likapumua lote kwa pamoja, kwa heshima.

Kwetu jambo hilo halihitaji maelezo, ila kwa mgeni nitaeleza. Mwanamume wa Kikurya hamtazami mama wa mkewe usoni. Hali naye, hakai naye, na akimwona anakuja njiani, anaingia kwenye mahindi mpaka apite. Hiyo tunaiita soni. Mtu asiye na soni anaweza kuwa na ng'ombe wanaofunika mlima, bado si mtu.

"Kumbe Wajapani nao wana soni!" mtu mmoja akasema.

"Hao ni watu kabisa, mura," mwingine akamjibu. "Na tulidhani ni pikipiki tu."

Kuanzia hapo kila kitu kilikaa mahali pake kama kilichochongwa. Bibi akiingia, Staringi anaruka dirishani: soni. Bibi akimuuliza swali, Staringi anamjibu kwa kumwambia joka, joka ndilo linampelekea: soni ya hali ya juu. Wiki ya tatu ndipo nilipoyawahi maandishi na kujua kwamba ukimtazama yule bibi machoni unageuka jiwe. Banda lilikuwa limejaa hadi watu wanakaa kwenye mapaja ya watu wasiowajua. Ningeanzia wapi?

Wakati huohuo nilikuwa nataka kuoa. Binti alikuwa fundi cherehani pale pale Kewanja, mwenye Kiingereza cha kidato cha nne cha mchana, na mwenye kicheko ambacho kikianza hata cherehani inasimama. Yeye alikuwa tayari. Baba yake, mzee wa Nyakunguru, ndiye aliyekuwa hataki. Mshenga wangu alipokwenda, alirudi na jibu hili: "Huyo kijana anaongea kwa sauti kumi. Nitajuaje ni ipi inayomtaka binti yangu?"

Nililala siku mbili bila kula. Sawa, bila kula sana.

Kilichoniokoa ni Staringi. Jumapili moja mzee aliingia bandani, amevaa koti lake zito la kijivu, koti ambalo hata jua la Januari halikuwahi kulivua. Alikuja kunichunguza. Akakaa mstari wa pili, akaona mwanamume wa Kijapani akitembea kinyumenyume kwenye daraja la kamba ili asimtazame mama mkwe. Jumapili iliyofuata akarudi. Na iliyofuata. Nyumbani akamwambia binti yake, "Yule Mjapani amelelewa." Baada ya mwezi akaongeza, "Na huyo anayemsemea, huenda naye amelelewa kidogo." Mwishowe akamtumia ujumbe mshenga: tumesikia inakuja sinema ya hadithi hiyo hiyo, iliyochezwa na watu wa kweli. Ataitazama. Akishaitazama, atatoa jibu.

Kwa hiyo ndoa yangu ilikuwa mikononi mwa mpishi wa tambi.

Kulikuwa pia na mama. Mama yake binti alikaanga mihogo nje ya banda, mgongo wake ukiegemea mabati, hatua tatu kutoka kwenye kiti changu. Ndani hakuwahi kuingia. Alikuwa akisikia tu. Mimi, tangu mshenga alipokwenda kwao mara ya kwanza, nilishaanza kumwonea soni, kwa hiyo niliacha kupita mlangoni nikawa naingilia upenyo wa nyuma, kama mbuzi. Mwaka mzima nilinusa mihogo ile, mihogo mizuri kuliko yote Mkoa wa Mara, na kila nikitaka kipande ilibidi nimtume mtu kwa njia ya kuzunguka.

Sinema ilifika na mfanyabiashara wa Sirari, pale mpakani na Kenya, anayeongea kama amevuka mpaka asubuhi hiyo. Akanipa flashi. "Buda, hii ni ile ya watu. Ni moto."

Binti akaniambia, "Itazame kwanza peke yako."

Nikamwambia mtafsiri wa kweli hatazami kwanza, eti inaua ladha.

"Haya," akasema. Nimeoa sasa, nimejifunza kwamba "haya" ile ilikuwa na kurasa mia mbili ndani yake.

Jumapili saa tisa alasiri. Siongezi chumvi: walikuwepo watu elfu arobaini, katika banda la watu sitini. Mzee mstari wa pili, koti limefungwa vifungo vyote. Nje, mafuta ya mihogo yanachemka. Picha ikaanza vizuri. Staringi alikuwa kijana mwembamba mwenye nywele za kusimama, watu wakampokea. Joka lilitengenezwa na kompyuta, watu wakalisamehe. Halafu mchawi akaingia.

Alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu. Nywele hadi kiunoni.

"Mtafsiri, huyo nani?"

"Mama mkwe," nikasema, sauti imepungua.

"Mama mkwe yupi?"

"Yule yule."

"Mbona amekuwa mdogo kuliko binti yake?"

"Alipata dawa," nikasema. "Ya mizizi."

"Inauzwa wapi?" akauliza mama mmoja wa nyuma, na banda likacheka, nami nikadhani nimevuka. Lakini Staringi wa sinema alikuwa haangalii chini. Nadhani walimchagua kwa sababu ya sura yake, na sura hawakutaka ipotee. Alimtazama yule msichana machoni, waziwazi, kwa muda ambao ungetosha kukamua ng'ombe. Vicheko vikapungua kimoja kimoja.

Kisha ukaja mlima, na chini ya mlima bwawa la maji ya moto, mvuke unapanda. Nasikia kwao ni mila, kila hadithi lazima ifike siku moja waende kuoga. Mama mkwe alikuwa ameshaingia, maji yanamfika mabegani. Staringi akatokea nyuma ya jiwe. Amevaa taulo.

Mabenchi yalilia. Wanaume wazima walijifunika nyuso kwa kofia.

"Ni hospitali hiyo!" nikapiga kelele kwenye kipaza sauti. "Wanatibiwa!"

"Hospitali gani ya kuoga na mama mkwe?" akajibu mchimbaji wa mstari wa mbele, yule yule wa siku ya kwanza, sasa akiwa na uchungu wa mtu aliyesalitiwa na ndugu.

Mzee akasimama. Alipapasa vifungo vya koti, akakuta vyote vimefungwa, akaanza kugeukia mlango. Nikaona ndoa yangu inatoka nje kwa miguu miwili, imevaa koti la kijivu.

Nikasimamisha picha. Staringi akabaki hapo shukani, mguu mmoja majini.

"Wazee wangu," nikasema, safari hii kwa sauti moja tu, ile niliyozaliwa nayo. "Nisameheni. Yule si mama mkwe wake. Hawana undugu wowote. Niliwadanganya tangu siku ya kwanza, nilikuwa nakunywa soda."

Mzee akageuka.

"Sasa miaka yote hiyo alikuwa anaangalia chini kwa nini?"

"Alikuwa anaogopa, baba. Ukimtazama yule bibi unageuka jiwe."

Mzee akafikiri. Mimi nikawa nahesabu mapigo ya moyo wangu, yakafika kama milioni mbili.

"Kwa hiyo hakuwa na adabu. Alikuwa na woga."

Hapo ndipo mabati ya nyuma yangu yakagongwa mara tatu, kwa kitu cha chuma, naamini ni kijiko cha kukaangia. Sauti ya mwanamke ikaingia kupitia matundu ya misumari. Mimi papo hapo nikatazama sakafu.

"Mwambieni huyo kijana aendelee," mama alisema, akiwaambia watu wote ili asiniambie mimi. "Mimi huku sioni hayo maji wala hayo mataulo. Kwangu yule ni mama mkwe, na mkwewe ana adabu. Miaka mitatu nasikiliza. Leo mnanikatia kwa sababu ya picha?"

Watu walimtazama mzee. Mzee alitazama mabati, mahali sauti ilipotokea, kwa macho ya mtu aliyeoa zamani. Kisha, taratibu, akafungua kifungo cha kwanza. Akafungua cha pili. Akavua koti, kitu ambacho wengi wetu hatukuwa tumekiona maishani, akaja nyuma hadi nilipokaa, akaifunika projekta nalo.

Shuka likawa jeusi.

"Endelea," akasema, akarudi kukaa na shati lake.

Nikaendelea. Saa nzima, watu wale wakitazama shuka tupu, niliwaeleza jinsi Staringi alivyofika bwawani, akasikia tu kikohozi cha mama mkwe, akarudi kinyumenyume na taulo lake, akauzunguka mlima wote kwa miguu, akavunja kidole, akaoga kwenye mto wenye barafu upande wa pili. Joka lililia. Mfalme wa Mashetani alilia. Mchimbaji wa mstari wa mbele alilia, akasema ni vumbi. Hakuna tafsiri niliyowahi kufanya vizuri kama ile, na haikuwa na neno hata moja la kweli.

Kesho yake mshenga aliitwa Nyakunguru, akaambiwa tuje. Sharti lilikuwa moja: ile ya watu isionyeshwe tena. Tulirudi kwenye katuni, ambako bibi ni bibi.

Mke wangu alisubiri hadi harusi ipite. Tulikuwa tunakunywa chai, yeye amekuwa akisoma kile kitabu cha michoro kwenye simu, kwa Kiingereza chake cha mchana.

"Unajua kwa nini kwenye sinema alikuwa msichana?" akaniuliza. "Uzee ule alilogwa. Mwishoni laana inaondoka, anarudi kuwa kijana, na Staringi anamuoa."

Chai ilinipita njia isiyo yake.

"Usimwambie baba," nikasema.

"Mimi? Baba anakuja kukusikiliza wewe."

Basi ndivyo tunavyoishi. Katuni imebakiza sehemu nne kufika kwenye harusi hiyo, nami nazirudia za zamani kwa kisingizio kwamba watu wamezisahau. Juzi mama aligonga mabati akawauliza watu kwa nini safari ya Mjapani haiishi. Nikamjibu kwa sauti ya joka, nikitazama sakafu, kwamba njia ni mbovu. Mzee bado anakaa mstari wa pili kila Jumapili, na shati. Koti lake siku hizi halirudi Nyakunguru. Linashinda bandani, kwenye msumari kando ya projekta, tayari.