Diploma zote, barua ya likizo hakuna

Kosa letu wauguzi ni hili: kwenye mahojiano ya viza ya kutembelea ndugu tunapeleka diploma zote.

Leo nilijifanya afisa wa viza mbele ya Furaha, binti ya dada yangu, muuguzi hapa Bukavu. Dada yake Furaha atapasuliwa Ubelgiji wiki ijayo, naye anataka kwenda kumwona.

Akajaza meza diploma.

"Unaenda kutembea ao kutafuta kazi?"

Akaanza kuzirudisha moja moja ndani ya bahasha.

"Tonton," aliniita mimi mjomba wake, "wataniuliza vile?"

"Watauliza. Karatasi ya kuonyesha utarudi iko wapi?"

Hakuwa nayo. Mahojiano ni keshokutwa.

Mimi pia naogopa, ila sikumwambia.

Muuguzi mwenye safari, leo hii omba kwa mkuu wako barua ya likizo yenye tarehe ya kurudi kazini.